UZI: Septemba ya kukimbia, Mei ya kuuza. Hisa za teknolojia zina misimu kweli au tunauziwa kalenda?

#1 Mwana_Kigamboni (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Uzi huu nilitaka kuuleta tangu mwaka jana nikaona aibu. Sasa Septemba nyingine imepita, Oktoba nayo imefungwa, na yaliyonikuta naona yamewakuta wengine. Bora niseme.

Agosti 2024 nilikuwa na vipande vya mfuko unaofuata Nasdaq-100, yaani kundi la kampuni kubwa mia za soko la hisa la Nasdaq kule Marekani. Ndani yake wamo Apple, Microsoft, Nvidia, Amazon na wenzao. Sikuwa na shida ya hela wala mgonjwa nyumbani. Kilichonitoa sokoni ni kalenda. Kila nikifungua simu nakutana na jamaa kasimama mbele ya chati, anasema Septemba ni mwezi mbaya kuliko yote. Na hakuwa anadanganya. Fahirisi ya Nasdaq, yaani kipimo cha bei za hisa za soko lile, ilishuka asilimia 5.2 Septemba 2020, ikashuka 5.3 mwaka 2021, ikashuka 10.5 mwaka 2022, ikashuka 5.8 mwaka 2023. Minne mfululizo. Mvua ikikunyeshea siku nne saa ileile, ya tano si unatoka na mwavuli?

Nikauza zote Ijumaa, tarehe 30 Agosti. Jumatatu kule Marekani ilikuwa sikukuu ya wafanyakazi. Jumanne soko likafunguliwa, Nvidia peke yake ikaporomoka karibu asilimia 9.5 kwa siku moja. Hadi Ijumaa Nasdaq ilikuwa imepoteza asilimia 5.8 kwa wiki. Nilijiona profesa. Shemeji zangu waliipata habari, jirani akaipata, hata fundi wa pikipiki aliipata.

Nikakaa kusubiri ishuke zaidi ndipo nirudi. Haikushuka. Wiki ya pili ikageuka, tarehe 18 benki kuu ya Marekani ikapunguza riba kwa nusu asilimia, mwezi ukafungwa Nasdaq ikiwa juu kwa asilimia 2.7. Nikarudi Oktoba, nikanunua kwa bei ya juu kuliko niliyouzia. Septemba ya mwaka huu 2025 ndiyo kabisa, imepanda asilimia 5.6.

Nimesoma sana tangu siku ile, na msimamo wangu ni huu: misimu ipo, tena mingi, lakini ipo kwenye biashara za hizi kampuni. Kwenye bei ya hisa, msimu unaojulikana na mimi wa Kigamboni unakuwa umeshaliwa na wenzetu kabla sijafungua simu.

Anayeona nimekosea aje na hoja. Matusi niliyojitukana mwenyewe yanatosha.

#2 Kashata_Moto

Nimekaa paleee. Mkuu, fundi wa pikipiki alisemaje soko lilipogeuka?

#3 Mwana_Kigamboni

Alinyamaza. Ila siku hizi nikimpa ushauri anaongeza sauti ya redio.

#4 Binti_Upanga

Kaka Mwana, pole. Lakini usitupe maji na beseni lake kwa sababu ya Septemba moja.

Habari ya "uza Mei uondoke" ilianzia London zamani. Wenye mali walikuwa wanaondoka mjini kiangazi, wanarudi Septemba baada ya mbio za farasi za St Leger kule Doncaster. Ilikuwa misemo ya madalali tu, hadi mwaka 2002 watafiti wawili, Bouman na Jacobsen, wakaipima kwa takwimu na kuichapisha kwenye jarida kubwa la uchumi la Marekani. Walikuta katika nchi 36 kati ya 37 walizopima, Novemba hadi Aprili hisa zililipa vizuri kuliko Mei hadi Oktoba. Nchi 36 si ndoto ya mtu mmoja wa mtandaoni.

Sisemi tuifuate kama msahafu. Nasema anayesema hakuna kitu ajibu hizo 36.

#5 Mwana_Kigamboni

Dada Binti, hoja nzito hiyo na sitaikwepa. Ila angalia mambo mawili.

Kwanza, wao walipima masoko mazima. Benki zimo, mafuta yamo, viwanda vya bia vimo. Uzi wetu ni wa teknolojia.

Pili, hebu tuifuate kanuni yao kwenye Nasdaq kuanzia 2020. Unauza mwisho wa Aprili, unarudi mwisho wa Oktoba. Mwaka 2020 ungekosa ongezeko la karibu asilimia 23. Mwaka 2021 ungekosa 11. Mwaka 2022 kanuni ingekuokoa, maana ilishuka karibu 11. Mwaka 2023 ungekosa 5. Mwaka 2024 ungekosa zaidi ya 15. Na mwaka huu uliouzwa Aprili kwa hofu ya ushuru wa Trump? Kuanzia mwisho wa Aprili hadi mwisho wa Oktoba imepanda karibu asilimia 36.

Miaka sita, kanuni imesaidia mmoja. Na tusisahau Mei 2023. Jioni ya tarehe 24 Nvidia walitangaza kwamba robo ya mwaka inayofuata wanategemea mauzo ya dola bilioni 11. Kesho yake hisa ikaruka asilimia 24. Aliyeuza Mei akaondoka, aliondoka mlangoni mgeni akiingia.

#6 Binti_Upanga

Nakubali kwa hiyo miaka sita. Lakini kaka, na wewe umechagua miaka sita inayokufaa. Ukianzia Mei 2000 hadi 2002 utaimba wimbo mwingine. Nasdaq ilifika kilele 5,048 tarehe 10 Machi 2000, ikaja kugusa 1,114 Oktoba 2002. Ndani ya kipindi kile aliyeuza kila Mei alishukuru.

#7 Mwana_Kigamboni

Kweli kabisa, na hapo umenikamata. Ila aliyeuza Machi 2000 na hakurudi alishukuru zaidi, na kilele kile hakikufikiwa tena hadi Aprili 2015. Kule hakukuwa na msimu, kulikuwa na puto lililopasuka. Kalenda ilipata sifa ya kazi iliyofanywa na mwiba.

#8 Mzee_Chumbageni

Wanangu, nami niingie kidogo ingawa hisa zangu ni za chama cha ushirika tu.

Baba yangu alikuwa nahodha hapa Tanga. Sisi tumelelewa na pepo mbili. Kaskazi ikianza kuvuma Desemba majahazi yanashuka kutoka Uarabuni, kusi ikishika yanarudi. Nahodha akijua kusi inakuja Aprili, na manahodha wote wa pwani wakijua, kusi inakuja vilevile. Upepo hauna habari na nani anaujua.

Sasa nasoma maneno yenu najiuliza. Kama watu wote wa soko wanajua kaskazi ya hisa inaanza Novemba, si watanunua Oktoba? Na wengine wakijua wenzao watanunua Oktoba, si watanunua Septemba? Upepo huo utavuma lini?

Naomba mnieleweshe, mimi ni mwalimu mstaafu wa jiografia.

#9 Mwana_Kigamboni

Shikamoo mzee wangu. Umesema kwa mistari mitano kitu nilichokitafuta mwaka mzima. Nilipouza Agosti nilidhani nakimbia kusi, kumbe nakimbia watu wenzangu ambao nao walikuwa wanakimbia mimi.

#10 Mzee_Chumbageni

Marahaba. Basi endeleeni, nasoma.

#11 Kinda_la_Soko

Samahani wakuu, mimi ni mgeni, nina miezi minne tu. Kuna kitu sielewi. Apple inauza simu nyingi sana mwisho wa mwaka, hilo kila mtu anajua. Kwa nini nisinunue Novemba nikauza Februari baada ya ripoti? Mauzo yakipanda bei si inapanda?

#12 Mwana_Kigamboni

Mdogo wangu Kinda, swali hili ndilo roho ya uzi, acha nikae vizuri.

Mwaka wa hesabu wa Apple unaisha mwishoni mwa Septemba. Simu mpya zinatoka Septemba, kwa hiyo Oktoba hadi Desemba ndiyo robo yao ya kwanza na ndiyo ya mavuno. Chukua mwaka wao wa 2024. Robo ya kwanza mauzo yalikuwa dola bilioni 119.6. Ya pili 90.8. Ya tatu 85.8. Ya nne 94.9. Unaona mlima na bonde. Tofauti kati ya Krismasi na kiangazi ni karibu dola bilioni 34, na umbo hilo linajirudia kila mwaka kama masika.

Sasa kama bei ya hisa ingefuata mauzo, kila Julai Apple ingeporomoka zaidi ya robo na kila Januari ingepaa. Haifanyi hivyo. Hakuna mchambuzi anayelinganisha Desemba na Juni. Wanalinganisha Desemba hii na Desemba iliyopita. Tena, muhimu zaidi, wanalinganisha Desemba hii na kile walichokuwa wameshakitarajia. Mavuno ya kawaida ya msimu hayashangazi mtu, na asiyeshangaa hapandishi bei.

Mfano mzuri ni Januari 2019. Tarehe 2 Tim Cook, bosi wa Apple wakati ule, aliwaandikia wawekezaji barua. Walikuwa wamekadiria mauzo ya dola bilioni 89 hadi 93 kwa robo ile ya sikukuu, sasa akasema yatakuwa kama 84, na lawama kubwa akaiweka kwa China. Bilioni 84 bado ndiyo ilikuwa robo yao nono kuliko zote za mwaka ule. Kesho yake hisa ikaanguka karibu asilimia 10. Aliyenunua Novemba kwa hesabu yako alikuwa sahihi kuhusu msimu na akapigwa vilevile.

Ukitaka wa karibu zaidi, tarehe 28 Agosti 2024, siku mbili kabla sijafanya ujinga wangu, Nvidia walitangaza mauzo ya dola bilioni 30 kwa robo, ongezeko la asilimia 122 kwa mwaka. Kesho yake hisa ikashuka zaidi ya asilimia 6. Watu walikuwa wameshaota makubwa, walitaka zaidi.

#13 Kinda_la_Soko

Ahsante mkuu. Yaani ni kama bei ya mbuzi kabla ya Idi. Kila mtu anajua Idi inakuja, kwa hiyo muuzaji kashapandisha wiki tatu kabla.

#14 Mwana_Kigamboni

Ndiyo hiyo hiyo. Na ukimnunua mbuzi wiki tatu kabla ili umuuze siku ya Idi, kumbuka utamlisha.

#15 Kitaru_Minnesota

Wadau wa nyumbani salaam. Niko huku baridini miaka kumi na moja, niongeze upande ambao ukikaa huko hauuoni: kodi.

Mwaka wa kodi wa mtu binafsi huku unaisha 31 Desemba. Mtu mwenye hisa iliyomfia anaiuza kabla ya tarehe hiyo ili ile hasara ipunguze kodi ya faida aliyopata kwingine. Ndiyo maana hisa zilizokuwa na mwaka mbaya huwa zinapigwa zaidi Desemba. Halafu kuna sheria: ukiinunua tena ndani ya siku 30, hasara yako haihesabiwi. Kwa hiyo wengine hurudi Januari. Mifuko mikubwa nayo, mingi hufunga hesabu zake za kodi 31 Oktoba, hivyo usafi wake hufanyika mapema zaidi.

Hapo ndipo yalipotokea maneno ya "Januari ya maajabu". Mwaka 1976 watafiti Rozeff na Kinney walipima soko la New York tangu 1904 hadi 1974, wakakuta Januari inalipa wastani wa kama asilimia 3.5, miezi mingine kama nusu asilimia. Lakini wapimaji walikuwa wanazipa kampuni zote uzito sawa, kwa hiyo vikampuni vidogo vilitawala hesabu. Vidogo ndivyo vinavyosukumwa na wauzaji wachache wa Desemba. Microsoft huisukumi kwa kodi ya mjomba wangu.

Kwa hiyo anayewaambia mnunue Apple Desemba kwa ajili ya Januari, kakopa hadithi ya vidogo akamvisha jitu.

#16 Kashata_Moto

Na zile mbio za Santa Claus? Kila Desemba naziona mtandaoni.

#17 Kitaru_Minnesota

Hizo jina lake lilitolewa na Yale Hirsch, mtunzi wa almanaki ya hisa, mwaka 1972: siku tano za mwisho za soko za mwaka na mbili za mwanzo wa unaofuata. Siku saba. Huku wakubwa wako likizo, soko jepesi. Zipo kwenye takwimu za muda mrefu, lakini faida yake ya wastani ni ndogo kiasi kwamba wewe wa Dar ukitoa ada ya dalali na ya kubadilisha hela, Santa anakuja kwako mikono mitupu.

#18 Mkulima_wa_Newala

Mimi nimefuata harufu ya neno msimu. Mnajua kwamba misimu ya kwanza kabisa ya soko la New York ilikuwa ya mazao? Sitanii.

Karne ya 19 kila ifikapo vuli, benki za bara kule Marekani zilikuwa zinavuta fedha zao kutoka New York kwenda kulipia mavuno ya ngano na pamba. Fedha New York inakauka, riba inapanda, wenye hisa za mkopo wanabanwa. Angalieni tarehe za mishtuko yao: 1873 ni Septemba, 1907 ni Oktoba. Baada ya ule wa 1907 ndipo wakaona wanahitaji benki kuu inayoweza kutoa fedha zaidi msimu ukibana, sheria ikapita 1913. Kwa hiyo vuli ilikuwa na sababu, na sababu ile walishaiondoa zamani. Sijui kama kilichobaki ni msimu au ni kumbukumbu.

Sasa niwarudishe nyumbani, maana mleta uzi kasahau jambo kubwa. Sisi huku korosho inaingia mnadani kuanzia Oktoba. Dola zinaingia. Tumbaku, dhahabu, watalii, vyote vinasogea nusu ya pili ya mwaka. Shilingi inapata nguvu. Mwaka jana mwezi wa kumi dola ilikuwa karibu shilingi 2,700, kufika mwisho wa Desemba karibu 2,400. Mwana_Kigamboni, ulinunua hisa zako Oktoba kwa dola ya shilingi ngapi?

#19 Mwana_Kigamboni

Mkulima, umegusa kidonda nilichokuwa nimekifunika.

Tufanye hesabu kwa milioni 10. Kwa 2,700 unapata kama dola 3,704. Robo ile ya Oktoba hadi Desemba Nasdaq ilipanda kama asilimia 6, kwa hiyo unakuwa na dola kama 3,926. Unafurahi. Unazirudisha kwa 2,400, unapata milioni 9.42. Umepanda kwa asilimia 6 na umepoteza karibu laki sita.

Na mimi nilizirudisha. Maana Januari kwetu ina msimu wake ambao sijauona kwenye chati ya Mmarekani yeyote: ada. Watoto wawili, sare, madaftari, mchango wa dawati. Nilitumia siku kadhaa kusoma Septemba ya Wamarekani na sikutumia dakika tano kuangalia Januari yangu mwenyewe.

#20 Mkulima_wa_Newala

Sisi tunaoishi kwa msimu hatuwekezi hela ya ada. Inakaa ndani ya debe.

#21 Mombasa_Raha

Wazee wa Bongo mko sawa? Huku kwetu kampuni ya teknolojia tunayoijua ni Safaricom. Iliingia soko la Nairobi 2008 kwa shilingi 5. Mwaka wake wa hesabu unaisha 31 Machi, matokeo yanatoka Mei, kwa hivyo Mei ya Wazungu ni ya kuuza na Mei yetu ni ya kusikiliza.

Msimu ambao watu huufukuza huku ni wa mgao wa faida. Mtu ananunua kabla daftari la wenye hisa kufungwa apate mgao, kisha auze. Ila siku hisa inapoanza kuuzwa bila haki ya mgao, bei inajipunguza yenyewe, kama kiasi kilekile. Umepokea kwa mkono wa kulia, umetoa kwa wa kushoto, dalali amekula katikati.

Swali langu: hizi za Marekani gawio lake vipi kwa mtu wa huku?

#22 Mwana_Kigamboni

Karibu sana ndugu. Kenya na Tanzania zote hazina mkataba wa kodi na Marekani, kwa hiyo gawio linakatwa asilimia 30 kabla halijakufikia. Kwa kampuni za teknolojia gawio lenyewe ni dogo, halina uzito. Ila anayefukuza msimu wa gawio kule, ajue theluthi nzima karibu inabaki hukohuko.

#23 Mpima_Sarafu

Nimesoma kimya. Nafundisha hesabu, nataka niwape kitu kimoja kuhusu zile Septemba nne.

Fanya kila mwezi ni sarafu: kichwa unapanda, mwenge unashuka. Uwezekano wa Septemba kushuka miaka minne mfululizo ni 1 kati ya 16. Unaona ni jambo la ajabu, lazima kuna sababu. Lakini hukuitaja Septemba kabla. Uliambiwa Septemba baada ya kushuka. Miezi ipo 12, na ungetikisika vilevile kama ungekuwa Machi. Uwezekano wa angalau mwezi mmoja kati ya 12 kushuka minne mfululizo kwa bahati tu ni kama asilimia 54. Hata nikikubali kwamba miezi ya kupanda ni mingi, tuseme sita katika kumi, bado inabaki zaidi ya robo.

Ongeza siku za wiki. Ongeza mwanzo na mwisho wa mwezi, kabla ya sikukuu, baada ya sikukuu, mwaka wa uchaguzi. Ukipekua vyumba vingi lazima ukute sarafu chini ya godoro. Watafiti Sullivan, Timmermann na White walifanya kazi hiyo kwa uangalifu mwaka 2001. Walizihesabu kanuni zote za kalenda ambazo mtu angeweza kujaribu, na ile nguvu ya zile zinazosifiwa ikayeyuka.

Kuna Mmarekani mmoja, David Leinweber, aliwahi kuwachekesha wenzake kwa kuonyesha kwamba siagi inayozalishwa Bangladesh ilieleza asilimia 75 ya mwenendo wa fahirisi ya kampuni kubwa 500 za Marekani, S&P 500. Akaongeza jibini ya Marekani na idadi ya kondoo, akafika 99. Alitaka wacheke. Baadaye akawa anapigiwa simu na watu wanaoulizia takwimu za siagi.

#24 Binti_Upanga

Hapo kwenye kondoo nimecheka hadi mtoto kaamka.

Ila mwalimu, Septemba haikuanza 2020. Wastani wa S&P 500 tangu miaka ya 1920 unaiweka mkiani. Si miaka minne.

#25 Mpima_Sarafu

Sawa, na sikatai kwamba iko mkiani. Lazima mmoja awe mkiani. Swali ni umbali. Chukua hizi sita za mleta uzi: toa 5.2, toa 5.3, toa 10.5, toa 5.8, ongeza 2.7, ongeza 5.6. Wastani ni kushuka kama asilimia 3. Lakini hakuna hata Septemba moja kati ya hizo iliyoshuka asilimia 3. Zipo zilizoumiza sana na zipo zilizolipa vizuri. Wastani ni mtu ambaye hajawahi kuishi kwenye nyumba hiyo.

#26 Fundi_Chipu

Nawapinga kidogo nyote. Nafanya kazi ya kompyuta, na nafuatilia TSMC ya Taiwan, watengenezaji wa chipu za kompyuta. Wale jamaa hutoa mauzo yao ya kila mwezi, kama tarehe 10. Mtu yeyote anaona Februari ikidhoofika kwa sababu ya mwaka mpya wa Kichina. Kuna taarifa ya kweli pale, na mimi huitumia.

#27 Mwana_Kigamboni

Mkuu, hatupingani. Unaitumia kujua habari inatoka lini, na kulinganisha Februari na Februari. Hununui kwa sababu ni Februari. Mimi nami siku hizi kalenda yangu imebaki ya namna hiyo: Netflix katikati ya mwezi wa kwanza wa robo, Microsoft, Alphabet, Meta, Amazon na Apple mwisho wa mwezi huohuo, Nvidia wiki tatu baadaye kwa sababu mwaka wao unaisha Januari. Zile siku soko linatikisika. Upande gani, siulizi tena. Amazon wenyewe siku yao ya punguzo waliianza Julai 2015, ikifika 2020 janga likaisogeza hadi Oktoba. Aliyekuwa amejenga kanuni juu ya Julai alikesha bure.

#28 Kinda_la_Soko

Wakuu, jambo la haraka. Leo saa kumi na nusu jioni nimefungua programu, bei zimelala tu. Saa kumi na moja bado. Imegoma au nimefungiwa?

#29 Kitaru_Minnesota

Hujafungiwa. Saa za huku zimerudishwa nyuma Jumapili ya kwanza ya Novemba. Kuanzia sasa hadi Machi soko kwa saa zenu linafunguliwa saa kumi na moja na nusu jioni, linafungwa saa sita usiku.

#30 Kashata_Moto

Huo nao ni msimu. Mke wangu ataupenda sana.

#31 Kinda_la_Soko

Ahsante, nilishaanza kuandika barua ya malalamiko. Na Nvidia wanatoa ripoti lini? Naona nisubiri nione inavyokuwa, sinunui.

#32 Mwana_Kigamboni

Jumatano tarehe 19 Novemba, baada ya soko kufungwa. Kwetu itakuwa imeshaingia Alhamisi, kama saa sita na dakika ishirini usiku. Nitakuwa macho, na chai ya tangawizi ipo. Fundi wa pikipiki sijamwambia.